E-4B sio ndege ya kusafiria rais

Mhariri, juzi mmeandika E-4B ya Marekani ni ya rais kusafiria, jamani hapana! Ile ni Boeing 747 iliyogeuzwa kituo cha amri za jeshi, ziko nne tu, kazi yake amri ziendelee kutoka hata huku chini kukiwa kushapigwa nyuklia. Na sio jambo jipya, toka 3 Februari 1961 hadi 24 Julai 1990 ndege za Looking Glass, nazo vituo vya amri vya jeshi la Marekani, zilipokezana angani usiku na mchana, jenerali yumo ndani, zamu masaa nane, miaka 29 hiyo! Sikuhizi kuna ndege yao nyingine, E-6B, inaburuza waya wa karibu kilomita 8 ili iongee na nyambizi zilizo chini ya maji. Huo waya ndo mngetuelezea, mbona mpira mnaupa kurasa nne?

Msomaji wenu, Morogoro