Idi Mubarak kutoka Nairobi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa jamaa, majirani na marafiki wote, wa karibu na wa mbali: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu, sala na zaka zetu, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima.

Mwaka umekuwa mzito. Sukari, unga na mafuta vimepanda kwa pamoja, na wazazi wengi waliwapeleka watoto kwenye maduka ya Eastleigh wakarudi mikono mitupu. Kwetu sisi, hii ni Idi ya kwanza bila baba.

Kila tulipotoka kusali Msikiti wa Jamia, baba alitupitisha kwanza hapo jirani, mbele ya simba wawili wa mawe wa Maktaba ya McMillan. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumkumbuka mumewe, Sir Northrup, tajiri Mmarekani wa Juja, ikafunguliwa 1931. Wazungu peke yao ndio walioruhusiwa. Waliobaki, hata wawe wasomi namna gani, waliishia barabarani, mpaka 1958 baraza la jiji lilipoichukua na kuifungua kwa wote. Baba wakati huo alikuwa kijana wa Pumwani. Alituhadithia kwamba siku aliyoingia alivua kofia, akaketi na gazeti mpaka saa ya kufunga, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Kila alipofika hapo katika kisa chake, sauti ilimkatika. Leo nimepita peke yangu, baba, na miguu ikasimama yenyewe.

Vitabu vimo bado, zaidi ya laki nne, na magazeti ya tangu enzi za ukoloni. Jengo lilichakaa, lakini Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, shirika la kufufua maktaba za umma, mwaka 2017, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekwisha karabatiwa. Mungu awalipe.

Wazazi wenzangu, wahyi wa kwanza ulikuwa amri ya kusoma. Basi tusiwaachie watoto simu mchana kutwa likizo hii. Wapelekeni maktaba, kaeni nao, someni mbele yao. Na wawakilishi wetu wa wadi wakija kuomba kura, tuwaulize vitabu vipya viko wapi. Mlango uliofunguliwa kwa taabu usifungwe na uvivu wetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu, awape shifaa wagonjwa na awafungulie riziki waliokwama. Minal aidina wal faizina.