Risala ya Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu, Idara ya Habari na Mawasiliano, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko ndani ya siku nne tu, baada ya mgeni wa awali kupata udhuru. Wa mwaka jana naye alipata udhuru, kwa hiyo kukuona umeketi hapo ni faraja yenyewe.

Taaluma hii nchini ina umri. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianza mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chama chetu ni kichanga zaidi, na historia yake iliyobaki imo kwenye katiba, nakala iko mezani kwako.

Mafanikio ni makubwa. Tumeendesha semina nne, na mbili kati ya hizo zilihudhuriwa. Printa imetengenezwa. Aidha, chama kimevuka mipaka: ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, ya mwanachama wetu ilikubaliwa kwenye kongamano jijini Nairobi. Nauli haikupatikana, lakini ikisiri ilisomwa kwa niaba yake, na tunaambiwa ilipokewa vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako tuingie kwenye lililotuleta.

Mwenzetu mmoja alitumia miezi kumi na minne kusikiliza vipindi vya redio za jamii na kukaa vijiweni na wasikilizaji wake. Tasnifu yake ina jalada jeusi na herufi za dhahabu, na ipo maktaba, rafu ya chini kabisa. Ndani yake kuna karatasi ya kusaini walioiazima. Ina jina moja. Ni lake, alikwenda kuhakikisha namba ya ukurasa.

Wewe umekulia chumba cha habari, Mheshimiwa. Unajua uchungu wa habari iliyokamilika ikakosa ukurasa. Sisi tunaishi humo, na zaidi ya hapo taratibu za chuo zinamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala iliyochapishwa ndipo avae joho.

Huyo mwenzetu alijaribu majarida ya nje. Neno “kijiwe” alilifafanua mara tatu, na mara zote mhakiki aliuliza ni mgahawa wa aina gani. Mwishowe makala ilikubaliwa, ikaja ankara. Majarida mengi ya wachapishaji wakubwa hutoza zaidi ya dola 2,000 kwa makala moja ili isomwe bure na kila mtu. Baadhi yao husamehe ada yote kwa nchi za kipato cha chini, na nusu tu kwa kipato cha kati cha chini. Tanzania ilitangazwa na Benki ya Dunia kuingia kundi hilo la pili Julai 2020. Tulishangilia kama Watanzania wengine. Hatukujua kwamba sherehe ile ingetufikia kwa njia ya ankara. Kuna njia ya kuchapisha bila kulipa, ndiyo, lakini hapo makala inafungiwa mpaka msomaji alipie, na mtangazaji wa redio aliyehojiwa hataweza kuisoma hata akitaka.

Wapo wanaokata tamaa wakaangukia kwa matapeli. Barua pepe inakuita “mtafiti mashuhuri”, makala inakubaliwa baada ya siku tatu bila nukta kuguswa, na unalipa. Mwenzetu mwingine alilipa dola 150 zilizokuwa za karo. Kamati ya shahada ilipotaka kuiona makala, tovuti ilikuwa imeshatoweka. Tunaomba radhi kulisema hili mbele ya wageni, ila yeye mwenyewe ameturuhusu.

Ombi letu ni moja: jarida letu wenyewe, la Kiswahili, linalohakikiwa na wanataaluma. Halianzi na sifuri. Makala saba zimeshahakikiwa na kurekebishwa, zimo kwenye flashi ambayo katibu anatembea nayo shingoni kama hirizi. Programu ya kuendeshea majarida, iliyotengenezwa Kanada, ni ya bure. Tunachokosa ni mhariri wa lugha wa kulipwa, mpangaji wa kurasa, na mahali pa kulihifadhi mtandaoni pasipozimwa kila bili inapochelewa. Kwa miaka miwili, matoleo mawili kila mwaka, tumepiga hesabu ikaja shilingi 9,600,000. Fedha hiyo haifiki ada ya makala mbili kwa bei tuliyoitaja.

Mheshimiwa, ombi hili si geni ukumbini humu. Miaka mitatu iliyopita mgeni rasmi wa siku hiyo, ambaye tunamheshimu sana, aliahidi kuanzisha mfuko wa uchapishaji. Alitukabidhi hundi ya kadibodi yenye urefu wa mlango, picha zikapigwa, vigelegele vikapigwa. Tumeandika barua tano za kukumbushia. Mbili zilijibiwa: ya kwanza kwamba suala linashughulikiwa, ya pili kwamba aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa. Hatutasema ahadi ni deni, maana risala ya mwaka jana ilishasema.

Hundi yenyewe tunayo. Imeziba kioo kilichovunjika ofisini, na mvua za masika zimeyeyusha sifuri mbili.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba chochote utakachojaliwa leo kiingie akaunti ya idara, namba yake iko ukurasa wa mwisho wa nakala yako, na mhasibu ameketi safu ya pili, amekuja na kitabu cha stakabadhi. Kama ni ahadi, tunaomba uiandike tarehe. Kadibodi hatutahitaji, dirisha bovu ni hilo moja tu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi