Mawese ni chakula, si kofia

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu vyakula vinavyosaidia ngozi kuhimili jua imesomwa na kujadiliwa sana hapa Ujiji, na kwa hilo nawashukuru. Lakini imewaachia watu imani mbili ambazo hazifai kuachwa zikaota mizizi. Ya kwanza, kwamba anayekula vizuri anaweza kushinda juani bila kujifunika. Ya pili, kwamba asiyeweza kupata brokoli na zabibu zilizoonyeshwa kwenye picha ya makala anunue vidonge vya virutubisho.

Nianze na tulivyo navyo. Wekundu wa mawese ni karotini, ile ile inayoipa karoti rangi yake, na mawese ambayo hayajasafishwa kiwandani yanayo kwa wingi mno. Karotini tunayokula hufika hadi kwenye ngozi, na huko husaidia kupunguza madhara yanayoanza pale mionzi ya jua inapopiga seli. Huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mwili huipokea vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta. Mama wa Kigoma anayeunga kisamvu au migebuka kwa mawese na nyanya hana cha kujifunza kwenye picha ya brokoli. Asiyaache tu mawese motoni mpaka yafuke moshi na wekundu upotee, maana karotini nayo huwa imeharibika. Matembele, boga, viazi lishe na maembe mabivu ya Tabora vyote vimo katika hesabu hiyo.

Nyanya nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2001 watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha matokeo ya watu waliokula kila siku gramu 40 za nyanya nzito ya kopo pamoja na gramu 10 za mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 10, ngozi yao ilipomulikwa kwa taa yenye mionzi kama ya jua, wekundu wa kuungua ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 kuliko wa wenzao ambao hawakula nyanya hiyo. Walipopimwa wiki ya 4, tofauti ya maana haikuwepo. Waliopimwa walikuwa wachache, lakini funzo la muda liko wazi: kinga ya chakula hujengwa taratibu, sahani baada ya sahani, wala haiji kwa embe la asubuhi.

Tena ni kinga ndogo. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 (SPF 30), ikipakwa ya kutosha na kurudiwa, huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza. Hakuna mboga inayofika huko.

Ndiyo maana nawafikiria kina mama wanaoanika dagaa Katonga na Kibirizi. Dagaa hawakauki kivulini, kwa hiyo saa ambazo daktari angewaambia wajifiche ndizo saa zao za kazi. Mchanga mkavu nao hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi, ikawapiga kutoka chini. Hao wanahitaji kofia ya pama, mikono mirefu, na kibanda cha kupumzikia saa sita mchana. Wasiambiwe wasubiri kiangazi ndipo wajikinge, kama makala ilivyodokeza. Kigoma na Tabora ziko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi kuna mawingu, ndiyo, lakini mawingu hayazuii mionzi yote.

Kuhusu vidonge, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 1994 utafiti mkubwa wa Finland, uliohusisha wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji wa sigara, ulionyesha kuwa waliopewa vidonge vya beta-karotini, aina ya karotini hiyo hiyo, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Wavutaji tunao kila kijiwe. Karotini iliyomo kwenye kisamvu haina tatizo hilo. Kumwambia mvuta sigara akanunue kopo la vidonge kwa ajili ya ngozi yake ni kumweka hatarini.

Na anayepaka mkorogo asitegemee mawese yamwokoe. Anajivua melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ambayo ndiyo kinga aliyozaliwa nayo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makala nzima haikuwataja ndugu zetu wenye ualbino. Mwili wao hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa, na saratani ya ngozi huwapata wengine wakiwa bado vijana. Mzazi aliyesoma kwamba karoti zinakinga jua anaweza kumwachia mtoto wake acheze kichwa wazi huku akiamini amemlinda. Mtoto huyo ale vizuri kama watoto wote, lakini avae kofia pana na nguo ndefu, apakwe losheni, na ngozi yake ikaguliwe kliniki mara kwa mara. Ipo losheni iliyobuniwa kwa ajili yao na kutengenezwa hapa hapa nchini, Kilisun, pale hospitali ya KCMC, Moshi. Mngeitaja, mzazi wa Kasulu au Uvinza angejua cha kuulizia hospitalini.

Naomba toleo lijalo mchapishe nyongeza, ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa zile zile, mkieleza habari ya vidonge kwa wavutaji na ya watoto wenye ualbino.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma