Barua kwa mwanangu kabla ya zamu ya usiku

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Zamu za usiku zinaanza Jumatatu, na tayari unaota umekosea dozi. Unauliza kama hofu hiyo ni upungufu wa imani. Hapana. Wanaokuchapa na 2 Timotheo 1:7, "Mungu hakutupa roho ya woga", wanaukata mstari katikati. Unaishia kwenye "moyo wa kiasi". Tena muuguzi asiyeogopa kabisa kukosea dozi, huyo ndiye wa kuogopwa.

Nenda Getsemane, Marko 14. Yesu alifadhaika na kuhangaika, wala hakujikaza mbele ya watu. Aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akawaambia wazi roho yake ilivyo. Kisha akamwambia Baba alichotaka: kikombe kiondolewe. "Utakavyo wewe" ilikuja baada ya hapo. Sisi hukimbilia neno hilo la mwisho tukaliita imani, kumbe hofu iko tumboni, imefunikwa kawa.

Kwa hiyo usiishie kuomba "Bwana, niondolee hofu". Iseme ilivyo: "Bwana, naogopa kuchanganya miligramu na mililita kwenye dripu ya mtoto, saa tisa usiku, nikiwa nimechoka." Ukishaitaja hivyo, sehemu yake inageuka kazi. Andika hesabu ya dozi kwenye karatasi, mwenzako aipige upya bila kuona jibu lako, mkilingana ndipo dripu ifunguliwe. Na siku ya kwanza mwambie kiongozi wa zamu kwamba hesabu za watoto zinakutisha. Utaona aibu kama dakika moja hivi. Ukinyamaza, utakuwa unaibeba wodi nzima peke yako.

Halafu kuna ile hofu ya mambo ambayo hayajatokea. Mathayo 6:34 inasema, "Yatosha kwa siku maovu yake." Yesu hakusema kesho haina maovu, amekukataza kuyabeba leo. Wamonaki wa jangwa la Misri, kama alivyoeleza Yohane Kasiani, mmonaki aliyeishi kati yao, katika karne ya 5, walikuwa na mstari mmoja wa kuirudisha akili ilipo mikono, Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima."

Wewe utumie kwenye sinki. Kunawa kwa sabuni, Shirika la Afya Duniani linataka sekunde 40 hadi 60. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne: Ee Mungu, uniokoe. Itoe taratibu ukihesabu hadi sita: Ee Bwana, unisaidie hima. Hizo ni kama sekunde kumi, basi mara nne hadi sita na mikono imeshatakata. Uyahisi maji yalivyo, povu katikati ya vidole, ubaridi wa bomba. Mawazo yakikimbilia kwa mgonjwa wa kitanda cha mwisho, yarudishe kwenye povu bila kujigombeza.

Hapa watu hukosea mambo mawili. Wengine huvuta pumzi nyingi za haraka. Kaboni dayoksaidi inapungua mwilini, vidole vinawasha na kufa ganzi, nao wanadhani sasa wanakufa kweli. Wengine kila baada ya mstari wanapima kama hofu imeisha, na kupima huko ndiko kunakoilisha. Iache ikae. Unaweza kunawa vizuri kabisa moyo ukidunda. Ila ukifika kwenye hesabu ya dozi acha mstari, akili yote iende kwenye namba. Mungu haoni wivu na hesabu.

Na kula kabla ya zamu. Eliya alipomkimbia Yezebeli akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa?", lilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Wiki mbili zikipita usingizi hauji, au kifua kikibana hata siku za mapumziko, nenda ukamwone daktari, usingoje mkesha wa maombi.

Ukitoka zamu ya kwanza usinipigie kabla hujalala. Ukiamka, niambie tu mwenzako wa kupiga hesabu upya ni nani.

Mama yako