Barua ya wazi: Mheshimiwa, utepe ulikatwa, vito bado

Mheshimiwa,

Pole na majukumu. Sisi ni mafundi wa kukata na kung'arisha vito hapa Dodoma, wale uliopiga nao picha siku karakana ilipozinduliwa. Utepe siku ile ulikatwa vizuri sana. Tangu hapo hakijakatwa kingine cha kujivunia.

Barua mbili za awali zilipita kwa masijala. Hii tumeiweka hadharani kwa sababu ya rubi, kito chekundu cha Winza mkoani hapa, iliyorudishwa na mnunuzi wiki iliyopita. Aliiweka juu ya gazeti, akasoma herufi kupitia katikati ya jiwe. Sisi tunaita dirisha: mwanga unaingia juu na kutokea chini badala ya kurudi machoni. Tumbo la rubi, yaani sehemu ya chini iliyochongoka, likiwa na mteremko chini ya nyuzi (digrii) 34 na nusu hivi, mwanga unapita tu. Sisi hukata kwenye 40 hadi 42. Jiwe lile lililorudishwa lilipimwa 32.

Utasema, likatwe upya. Sawa. Jiwe la kipenyo cha milimita 8, kwa nyuzi 32, lina tumbo la kina cha milimita 2.5. Kwa nyuzi 41 linataka karibu milimita 3.5. Hiyo milimita moja jiwe haliioteshi, Mheshimiwa. Ama unakipandisha kiuno (ukingo wa katikati) na kula taji (sehemu ya juu), ama unapunguza kipenyo mpaka kibaki chini ya milimita 6. Kila njia karati, yaani uzito wa jiwe, zinaondoka na maji ya sahani ya kusagia, na mwenye jiwe anatutazama sisi.

Chanzo, tunavyoamini, ni sahani hizo zenye punje za almasi; namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo. Ya 600 imekwisha almasi, imebaki chuma kinachoteleza. Fundi anakandamiza ili ikate. Skrubu ya kushika nyuzi imelegea, mkono wa mashine unashuka. Kukandamiza huko huko kunapasha joto nta inayogandisha jiwe kwenye kijiti, jiwe linahama, na nyuso bapa tunazokata hazikutani tena kwenye ncha. Ya 3,000 nayo ilishachanganyika: punje moja ya 600 ikiingia humo, kila uso unatoka na mkwaruzo, na unga wa almasi wa 50,000 hauwezi kuufuta. Unarudi nyuma hatua mbili. Karati tena.

Krisopresi, jiwe la kijani la Haneti mkoani hapa, ndiyo inayotuuma zaidi. Haihitaji nyuso, ni kuiviringisha mgongo tu, lakini joto linaififisha ile kijani. Inataka maji muda wote na gundi baridi badala ya nta. Pampu ya maji iliungua. Tunamwagia kwa kopo la maziwa, mkono mmoja kopo, mkono mmoja jiwe. Wageni wako wakija tena, wapige picha hiyo pia.

Ulituahidi mashine sita "kabla ya mvua". Mvua zimekuja zikaisha, zabibu zimevunwa mara mbili. Mashine tumekusamehe. Hotuba ya kuongeza thamani ya madini nchini tunaikumbuka kwa moyo, na mawe ghafi yanaendelea kwenda kukatwa Jaipur, India, na Bangkok, Thailand.

Tuletee sahani. Ya 600, ya 1,200 na ya 3,000, na pampu. Kama fungu ni dogo, sahani tatu bila pampu. Kama bado ni dogo, hiyo ya 3,000 peke yake, Mheshimiwa. Inaenea kwenye bahasha, na kutoka ofisini kwako ni safari ya bodaboda.

Wako katika kusubiri,
Mafundi wa karakana uliyoizindua