Kwa Nini Tuliwasubirisha Nje ya Mapango ya Amboni

Wiki iliyopita mgeni wetu mmoja kutoka Dar aliondoka Tanga amekasirika. Alitulipa tumtembeze kwenye mapango ya Amboni, akafika mlangoni pa pango, tukamwomba asubiri dakika 40. Sasa analalamika kwamba tumemlia pesa na muda wake, na jini ambalo watu husema limo pangoni hakuliona. Malalamiko haya tumeyachoka, kwa hiyo naomba nieleze.

Mle ndani, mzimuni, kulikuwa na familia wanafanya tambiko: bibi, binti zake wawili na mtoto mgonjwa amebebwa mgongoni. Anayefika pale atakuta chupa za marashi, vitambaa na sarafu za watu walioleta shida zao. Hawakuja kutazamwa. Mwaka juzi mgeni wetu aliwamulika wenye tambiko kwa flashi ya kamera. Mzee akakatiza dua, akakunja kitambaa chake taratibu, akatupita bila kutuangalia usoni. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Tangu siku hiyo tunasubiri nje, na muda huo hatumtozi mtu.

Jini hatuuzi. Tunasimulia yanayosimuliwa: Wazungu walioingia na mbwa wao wasitoke tena, mbwa akaja kuonekana huko Kilimanjaro, na Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950, ambaye wenyeji wanasema alijificha humo.

Bei yetu ni shilingi 60,000 kwa mtu, na wengi wanasema ni kubwa kwa kwenda kuangalia shimo. Ndani ya bei hiyo mna gari kwenda na kurudi Kiomoni, kijiji chenye mapango, kilomita kama 8 kutoka mjini, kiingilio, mwongozaji, kofia ngumu na tochi mbili kwa kila mgeni. Mbili za nini? Giza la mle si la usiku wa nje. Tochi ikizimika, kiganja kinagusa pua na hukioni. Kuna mahali unainama, kuna mahali unatambaa, na chini panateleza kwa kinyesi cha popo. Betri tunabadilisha asubuhi ya kila safari, hata kama za jana bado zinawaka vizuri.

Vijana wanne waliona hizo ni mbwembwe. Wakachukua boda, wakampa kijana wa njiani elfu tano, akawapeleka saa kumi na moja jioni kwenye pango lisilofunguliwa kwa wageni. Mapango yako kama kumi, na linalotembelewa ni moja tu. Tochi zao zilikuwa simu. Moja ikatumbukia kwenye ufa, nyingine zikaisha chaji, na yule kijana akatoka kutafuta msaada asirudi. Tuliwakuta wameshikana mikono, mmoja amepoteza kandambili na goti linavuja damu. Simu ile hadi leo imo humo, na bei yake ingewalipia safari wote wanne. Kesho yake wakaja kwetu wakalipa upya, maana hata yale mawe yanayofanana na mamba hawakuwa wameyaona.

Ndugu yetu wa Dar, karibu tena. Safari hii utalipa kiingilio tu, gari na tochi juu yetu. Njoo asubuhi, uvae viatu vya kufunga. Tukikuta watu mzimuni, tutasubiri.