Barua kwa Neema: hela ya chuo tuanze kuitafuta sasa

Moshi, Julai

Mwanangu Neema,

Marahaba, ujumbe wako nimeupata. Unasema walimu wamekutuliza kwamba kwa PCB yako (fizikia, kemia na baiolojia), division one ikitoka, hela itakuja yenyewe. Haiji yenyewe. Division one inakufanya ustahili kuomba. Anayepata ni yule ambaye karatasi zake zimekaa sawa siku dirisha la maombi linapofunguliwa. Ndiyo maana nakuandikia ukiwa unaanza kidato cha sita, sio ukimaliza.

Tuanze na majina. Cheti chako cha kuzaliwa kina Elibariki, matokeo ya kidato cha nne yana Eliberiki. Herufi moja tu, lakini mfumo wa Bodi ya Mikopo unasoma herufi, hausomi ukoo. Hilo nitalipeleka kwa wakili litolewe hati ya kiapo, kisha cheti kihakikiwe RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao: unapakia nakala, unalipia kwa kumbukumbu namba, unasubiri majibu. Wengi hufanya hivyo Agosti wakati nchi nzima iko kwenye foleni. Sisi tumalize kabla ya Krismasi.

Pili, namba ya mtihani. Inayotumika kila mahali ni ya kidato cha nne: S na namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka. Unayoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Wanaorudia mtihani huombea chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, halafu wanashangaa mbona wamepata chuo na mkopo hawakupangiwa.

Dirisha la mkopo kwa kawaida hufunguliwa kati ya Juni na Agosti, na hapo huenda utakuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ambako simu si ya kushika muda wote. Kwa hiyo barua pepe iwe yako na nywila tuijue wawili, wewe na mimi. Usimruhusu kijana wa steshenari akufungulie akaunti kwa barua pepe yake. Akihama kibanda, akaunti yako imehama naye. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Fomu ikishachapwa inataka saini yako, ya mdhamini (baba yako, na picha yake na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA), ya serikali ya mtaa na ya wakili au hakimu. Kinachoangusha watu hapo ni vitu vidogo: muhuri wa mtaa umegongwa juu ya saini hadi haisomeki, ukurasa umepigwa picha kwa simu gizani badala ya kuskaniwa, au mtu amepakia kila kitu na hakubonyeza kutuma. Na kwa kuwa kidato cha kwanza hadi cha nne ulisoma shule ya kulipia kwa msaada wa parokia, lazima tuwe na barua ya mfadhili. Bila hiyo wataona ada ile na kudhani ni mfuko wetu.

Ukipangiwa, bumu, yaani hela ya kujikimu, ni 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Ada wanaweza kulipa yote au sehemu. Ni mkopo, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ndiyo maana Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, ni bora zaidi: ni ya waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, wakasome sayansi au tiba vyuo vya hapa nchini, na hairudishwi. Lakini omba na mkopo pia, usiweke mayai yote huko.

Sasa Marekani, maana najua unaiwaza. Udaktari kule hausomwi ukitoka kidato cha sita. Kwanza shahada ya miaka 4, ndipo chuo cha tiba, na mgeni kupata ufadhili hapo ni kazi ngumu mno. Ukitaka udaktari, KCMC hapa Moshi au Muhimbili, miaka 5. Mimi ningechagua hivyo.

Ila kama ni baiolojia au uhandisi, omba. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa familia wanapokuchagua, na ukichaguliwa hukufidia upungufu wote. Vyuo vingine vingi, kwa mgeni, kuomba msaada mkubwa kunakupunguzia nafasi. Jihadhari na ufadhili nusu: chuo cha dola 60,000 kwa mwaka kikikupa 20,000, hiyo 40,000 iliyobaki hatuna, na bila kuonyesha hela ya mwaka wa kwanza chuo hakitoi I-20, fomu yao ya kuombea viza, na bila I-20 hakuna viza. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya kule, hufunguliwa Agosti 1, vyuo vingi hufunga mwanzoni mwa Januari, kabla hujafanya mtihani wa Mei. Utatumia matokeo ya kidato cha nne, maksi za kidato cha tano na makadirio ya walimu. Waombe barua za mapendekezo mwezi huu, kabla hawajazidiwa na mock, mitihani ya majaribio.

Fomu yao ya fedha, CSS Profile, itauliza kipato na mali. Tutaandika ukweli: risiti za kahawa kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika, na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Kihamba chetu cha Kibosho, lile shamba la migomba, kitawachanganya. Wataona ardhi na kudhani ni akiba. Kwenye nafasi ya maelezo tueleze kwamba ni ardhi ya ukoo isiyouzwa, na ndizi zake tunazila wenyewe.

Akija mtu na "nafasi za ufadhili" anayetaka hela ya kuharakisha, huyo ni kishoka.

Niletee kupitia matroni nakala ya matokeo ya kidato cha nne na picha pasipoti nne. Na uniandikie vyuo vitatu vya hapa na vitatu vya nje unavyovitaka kweli, nijue ada ya maombi tunayotafuta ni kiasi gani.

Mama yako